Uvira–Fizi: Kabla ya fimbo ya bei kali, tafuta uzi mwembamba na ndoano ndogo

Tangu simu za kugusa zilipoenea katika makartie ya Uvira, vijana wanaopenda kuvua wamepata ndoto mpya. Wanaangalia Wamarekani wakiwa ndani ya mitumbwi ya chuma yenye moteri, na masanduku yaliyojaa vyambo vya plastiki vya kila rangi. Wanatupa fimbo, wanavuta samaki anayeitwa bass, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Kijana anafunga simu, anaenda dukani na kuuliza fimbo kama ile. Muuzaji anamletea fimbo ya kuchomeka kutoka China, gurudumu la plastiki la kukunjia uzi, na uzi wenyewe ni mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Pesa ya miezi mitatu inatoka. Wiki ya pili mchanga umeingia ndani ya gurudumu, fimbo imevunjika kwenye kiungo, na ziwani hajaonekana bass hata mmoja.

Hataonekana. Bass ni samaki wa Amerika ya Kaskazini. Wazungu walimsafirisha na kumweka katika maziwa mengine kwa ajili ya mchezo wao, kama ziwa Naivasha kule Kenya, ambako aliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mpaka leo anavuliwa. Vifaa vinavyoonyeshwa kwenye simu vilitengenezwa kwa ajili yake: maji yenye majani na magogo, mdomo mkubwa unaoweza kumeza chura, na mvuvi ambaye nyumbani kwake chakula kiko tayari. Tanganyika ni kitu kingine. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, kina chake kinakaribia mita 1470, na maji yake ni safi kiasi kwamba mahali pengi samaki anauona uzi kabla ya kukiona chambo. Anayetaka kuvua hapa kwa ndoano, iwe kwa kupumzisha akili au kwa kutafuta mboga ya jioni, hahitaji sanduku la Mmarekani. Anahitaji uzi, ndoano, kitu cha kuelea na kitu cha kuzamisha. Vyote vinaingia katika mfuko wa suruali, lakini lazima vichaguliwe vizuri.

Na wanaokaa na uzi mkononi wameongezeka. Familia zilizokimbia vita kutoka bonde la Ruzizi na kutoka milima ya juu zimefika kando ya maji zikiwa na watu waliozoea ng'ombe na mihogo. Baba aliyekuwa na shamba anakaa siku nzima bila jembe. Jioni anashuka kwenye mawe, anakaa pembeni ya mwalimu ambaye mshahara wake haujafika na mwanafunzi aliyetoka shule. Pale hakuna anayemuuliza mwenzake kabila wala kijiji. Wanaulizana kama samaki wanakula leo. Wengine wanaona huo ni uvivu. Lakini mtu aliyepoteza nyumba, akikaa saa mbili akiangalia kizibo kinachoelea, akarudi na samaki wanne wa kutia ndani ya sufuria ya familia iliyompokea, si mvivu.

Basi tuanze na uzi, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotea bure.

Uzi wa nailoni una namba ya unene, kwa milimita, iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kwa samaki wadogo wa kwenye mawe, 0,20 au 0,25 inatosha. Anayetafuta kuhe au sangala kijana achukue 0,35 au 0,40. Kinachozidi hapo, kwa mtu aliyesimama nchi kavu, ni kamba ya mbuzi. Watu wanafikiri uzi mnene ni usalama, kwamba samaki mkubwa hataukata. Ukweli ni kwamba huyo samaki mkubwa hasogei karibu nao. Katika maji meupe uzi mnene unaonekana kama mti, na ukiwa mgumu unafanya chambo kikae kama kitu kilichokufa. Bora mtu apoteze samaki mmoja kwa mwaka kwa uzi uliokatika kuliko kukaa jioni mia moja bila kuguswa.

Jua linaua nailoni. Muuzaji anayeanika mikunjo ya uzi mbele ya meza yake tangu asubuhi mpaka jioni anauza kitu kilichokwisha nusu. Mnunuzi aombe mkunjo uliokaa ndani, gizani. Kabla ya kulipa, avute kipande cha mita moja kati ya kucha za vidole viwili. Kikipita laini, ni kizuri. Kikikwaruza, au kikiwa na unga mweupe, akirudishe. Na nyumbani uzi ukae ndani ya mfuko mweusi, si juu ya dirisha.

Ndoano zina hesabu inayochanganya watu. Namba ikipanda, ndoano inapungua: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Ikifika 1 hesabu inageuka, inaandikwa 1/0, 2/0, na hapo ndoano inazidi kukua. Wengi wanaoanza wananunua kubwa, kwa wazo kwamba ndoano kubwa italeta samaki mkubwa. Samaki wa kwenye mawe wana midomo midogo, wanakula chambo chote pembeni na kuiacha ndoano inang'aa peke yake. Namba 10 au 12 ndiyo inayolisha mtu. Namba 6 ni ya kambale wa kadiri. Za 1/0 zibaki kwa anayetega sangala usiku akiwa na kipande cha ndakala, na huyo si mtu wa kuanza jana.

Ndoano mpya si lazima iwe kali. Ikokote ncha yake taratibu juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Jiwe laini la mtoni linainoa kwa dakika moja. Jambo lingine ni kile kimwiba kidogo kinachorudi nyuma ya ncha. Kwa mtoto anayejifunza, kibanwe kwa koleo mpaka kilale. Samaki wachache watachomoka, ni kweli. Lakini siku ndoano itakapoingia katika kidole, na itaingia, itatoka bila kukatwa nyama. Ndoano yenye kimwiba ikizama ndani ya mwili isivutwe kwa nguvu. Uzi ukatwe, mtu aende kituo cha afya, na aulize pia sindano ya pepopunda.

Fundo lina maana kuliko fimbo. Pitisha uzi katika tundu la ndoano, uzungushe mara tano kuuzunguka uzi wenyewe, rudisha ncha katika kitundu kilichobaki karibu na ndoano, tia mate, kisha kaza polepole. Mate si uchawi. Nailoni kavu ikikazwa inapata moto na kudhoofika palepale kwenye fundo, ndiyo maana samaki wengi wanaondoka na ndoano nzima na mvuvi analaumu uzi.

Kitu cha kuelea hakina haja ya kununuliwa. Kipande cha kandambili iliyochakaa, kizibo cha chupa ya divai, bua kavu la tete, vyote vinafanya kazi, kwa sharti moja: kiwe kidogo. Kikiwa kikubwa samaki anasikia uzito, anatema. Kwa kuzamisha, jiwe dogo lenye kiuno au nati ya baiskeli inatosha. Risasi ya betri za zamani ikataliwe kabisa. Kuna vijana wanavunja betri za gari na kuyeyusha risasi katika mkebe juu ya makaa, wakati mwingine jikoni karibu na watoto. Risasi ni sumu inayoingia kwa moshi, kwa vumbi na kwa mikono, na inaharibu akili ya mtoto polepole bila mtu kuona. Wengine wanaibana uzini kwa meno. Nati ya baiskeli haijamwua mtu.

Fimbo sasa. Mwanzi kutoka milimani, uliokatwa ukiwa umekomaa na kukaushwa kivulini, wenye urefu mara mbili ya mwenye kuushika, unashinda fimbo ya dukani ya bei ya chini. Haushiki kutu, haujamwi na mchanga, na ukivunjika mwingine upo. Anayetaka kutupa mbali bila fimbo achukue chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ngumu kidogo, aufunge uzi katikati yake na kuukunja wote kwa mpangilio. Chupa inashikwa kwa mkono mmoja, mdomo wake ukielekezwa ziwani, mkono wa pili unazungusha jiwe na kulirusha. Uzi unatoka wenyewe kama kwenye gurudumu la bei kali. Anayeona aibu kuvua na chupa mbele za wenzake angoje waanze kuhesabu samaki.

Chambo kinategemea nani anaalikwa. Minyoo ya udongo inachimbwa pale maji machafu ya jikoni yanapomwagwa, na karibu kila samaki wa ufukweni anaila. Bugali uliopondwa na kukandwa na mafuta kidogo ya mawese unashika vizuri ndoanoni na unawaita samaki wadogo wa mawe. Kipande cha ndakala mbichi ni cha wala nyama. Na kwa wale ambao bado wanataka kutupa na kuvuta kama kwenye video, kipini cha kijiko cha alminiamu kilichokatwa, kikatobolewa pande mbili na kusuguliwa kwa mchanga mpaka king'ae, kinacheza majini kama samaki mdogo anayekimbia. Wavuvi wa mitumbwi wanaotafuta mikebuka kwa uzi wa mkono wanajua jambo hilo tangu zamani: wanafunga vitu vinavyong'aa juu ya ndoano zao na kuzichezesha juu chini, bila chambo cha kuliwa. Anayetaka kujifunza asiende kwenye simu, aende mwaloni asubuhi awaamkie wale wazee.

Saa nzuri ni mbili tu, alfajiri na jioni jua linapolala. Mchana samaki wa karibu wanajificha. Katika kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unaamka na nguvu na kuleta mawimbi, na juu ya mawe yenye utelezi hapo si mahali pa mtoto. Mwezi nao una habari yake. Usiku wa mbalamwezi kamili wavuvi wa ndakala wanapumzika, maana taa zao hazivuti samaki ikiwa anga lote lina mwanga. Siku hizo ndakala zinapungua sokoni na bei inapanda. Ndipo samaki wachache wa ndoano wanakuwa na maana nyumbani.

Lakini kuna kitu kingine kinachoshindana na ndoano, na hakiuzwi dukani. Ni chandarua.

Kila mtu anayetembea ufukweni amekiona: chandarua cha malaria kimoja au viwili vilivyoshonwa pamoja, watoto wanne ndani ya maji mpaka kiunoni, wanakokota kuelekea mchangani. Wanatoa vitu vidogo kama punje za mchele vinavyorukaruka. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2014 katika jarida la Malaria Journal, uliofanywa katika vijiji vya kando ya Tanganyika, ulikuta zaidi ya familia nane kati ya kumi zilizoulizwa zilitumia vyandarua kuvulia. Hakuna haja ya kuwatukana watu hao. Chandarua kinakuja bure, nyavu za kweli zina bei, na njaa haingoji. Familia iliyofika jana ikiwa na chandarua kimoja na watoto sita, bila kitanda cha kukifungia, itakifanya nini?

Hata hivyo hesabu yake ni mbaya, na aeleweshwe yule anayekokota. Vile vitu vidogo si aina ya samaki wadogo. Wengi wao ni vifaranga. Samaki wengi wa Tanganyika wanazalia karibu na kando, kwenye majani, mchanga na mawe, na vifaranga wao wanakulia palepale. Ghuba ya Burton, kati ya Baraka na rasi ya Ubwari, ni ya maji mafupi, na ndiyo maana watoto wa samaki wanapata kujificha mle. Bakuli moja la vifaranga linapikwa mara moja na kuisha. Wangeachwa miezi kadhaa, kila mmoja angekuwa mboga ya mtu mmoja. Tena dawa iliyotiwa katika chandarua ili iue mbu ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini ambao samaki wanakula. Na usiku ule ule mtoto aliyekokota analala bila chandarua, mbu wanamkuta. Familia imepoteza ziwani na imepoteza kitandani.

Ndoano haifanyi hivyo. Ndoano namba 10 haiwezi kumshika samaki wa ukubwa wa punje ya mchele hata mwenyewe akitaka. Inachukua mmoja mmoja, inamwachia mvuvi nafasi ya kuamua huyu ninamla, huyu arudi. Ndiyo maana inashangaza kuona wanaogawa misaada katika kambi wakilalamika kila mwaka kwamba vyandarua vinaishia majini, lakini ndani ya mizigo yao kuna sabuni, ndoo, masufuria na turubai, na hakuna hata mkunjo mmoja wa uzi. Ndoano ishirini na mita mia moja za uzi ni nyepesi kuliko sabuni moja. Kwa familia iliyo umbali wa dakika kumi kutoka ziwani, ni chakula kisichongoja lori. Kama wagawaji wanaogopa kwamba watu wa milimani hawajui kuvua, mafundi wako Kalundu, Makobola, Mboko na Baraka, na hawahitaji semina ya hotelini ili wamwonyeshe mtu fundo.

Wapo watakaosema ziwa limechoka, kwamba kila mwenye ndoano anaongeza mzigo. Hoja hiyo isitupwe. Nchi nne za kando ya ziwa, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi makubaliano ya kulilinda tangu 2003, na mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 mwezi wa tano, ili samaki wazaane. Ziwa linahitaji kupumzishwa kweli. Lakini kulinganisha mzee mwenye chupa na uzi na nyavu za kukokota zinazosomba ufuko mzima ni kumwonea mdogo. Mahali popote ambapo mtu mwenye ndoano mbili anadaiwa pesa ya kuvua wakati nyavu za kukokota zinapita mchana mbele ya macho ya wote, kazi ya kulinda ziwa imepinduliwa miguu juu.

Mwenye ndoano naye ana wajibu wake, na hapa ndipo wengi watakunja uso. Kuna samaki mmoja ambaye, ukitafuta ndugu wa bass katika Tanganyika kwa tabia, ndiye: kuhe. Ni mkubwa kuliko wote wa ukoo wake, wa manjano mwenye mabaka meusi ubavuni, anakula samaki wenzake, na anapiga kijiko kwa hasira. Watalii wanasafiri mpaka kusini ya ziwa, upande wa Zambia, kumtafuta kwa fimbo zao. Kuhe anataga kwenye mchanga au juu ya jiwe, na baba na mama wote wawili wanabaki kulinda. Vifaranga wakitoka wanawazunguka wazazi kama wingu, na wazazi wanafukuza kila anayekaribia. Wakati huo wanaonekana wazi katika maji meupe, hawakimbii, na wanauma chochote kinachoingia karibu, si kwa njaa, ni kwa kulinda. Ni samaki rahisi kuliko wote kumshika. Ukimtoa mzazi mmoja, kazi inamshinda anayebaki. Ukiwatoa wawili, wingu lote linaliwa na wengine kabla ya jua kulala. Bass dume naye analinda mayai namna hiyo hiyo, na kule Amerika kuna majimbo yanayozuia kumvua majira hayo.

Kwa hiyo kuhe wawili wakionekana pamoja na wingu la vifaranga chini yao, uzi utoke majini. Hata kama jioni imekuwa tupu. Hata kama jirani atawavua baadaye, na kweli kuna siku atawavua. Anayevua kwa kupumzika, mwenye chakula nyumbani, hana udhuru wowote. Kwa mwenye watoto wenye njaa ni neno gumu, na asitokee mtu wa tumbo lililoshiba kumhukumu. Aonyeshwe tu kwamba mita ishirini pembeni kuna samaki wengine wanaokula minyoo vizuri.

Samaki anayerudishwa ashikwe kwa mikono iliyoloa. Mkono mkavu unamtoa ute unaomlinda na magonjwa. Asitupwe kama jiwe, awekwe majini mpaka aondoke mwenyewe. Na si kila samaki wa kushikwa hovyo: kambale wengine wana miiba mikali kwenye mapezi inayochoma na kuuma siku nzima, na kuna yule kambale mnene, laini, asiye na miiba, ambaye watu wanamwita samaki wa umeme. Huyo anapiga shoti kweli, hata kupitia uzi ulioloa. Uzi ukatwe, aende zake na ndoano.

Kuhusu mahali, maneno machache lakini ya lazima. Mdomo wa Ruzizi una mamba na viboko, na hadithi za Gustave, yule mamba wa upande wa Burundi, hazikutungwa kwa kuwatisha watoto tu. Kiboko anatoka majini jua likilala kwenda kula majani, na mtu aliyekaa kati yake na ziwa yuko katika njia yake. Mwenye kuvua jioni abaki kwenye mawe, karibu na watu. Maji yalipopanda mwaka wa 2021 na tena 2024, nyumba na vyoo vya kando ya ziwa vilimezwa. Samaki wanapenda kuta hizo zilizozama, wavuvi pia wanazipenda. Lakini chini kuna misumari na mabati, na kuna mashimo ya vyoo. Uvira inajua kolera kuliko miji mingi. Samaki wa pale apikwe mpaka aive kabisa, asioshwe kwa maji ya ziwa baada ya kupikwa, na anayeshinda kwenye mawe aende na chupa ya maji ya nyumbani yaliyotiwa dawa, maana kiu cha saa kumi ndicho kinachomfanya mtu kuinama na kuchota kwa mkono. Na anayesimama ndani ya maji yenye majani, penye konokono, anatafuta kichocho. Uzi wa chupa unatupwa ukiwa umesimama pakavu.

Jumamosi ijayo sokoni, basi, kijana mwenye pesa ya fimbo ya China anunue mkunjo wa 0,25, ndoano kumi za namba 10, tano za namba 6, na pesa inayobaki aipeleke nyumbani. Ndoano azichome katika kizibo ili zisitoboe mfuko. Vipande vya uzi vilivyokatika avikunje na kuvitia ndani ya chupa tupu, asiviache juu ya mawe: kesho asubuhi watoto wanapita pale miguu mitupu kwenda kuchota maji.